Tembe la Kwihara ni la Nani?



Wapendwa wanaparokia, anayetoka Puge kwenda Tabora, akisogea kilomita chache nje ya mji, atafika Kwihara. Hapo pana nyumba ya kale, yenye kuta nene za udongo, ambayo sasa ni makumbusho. Sote tunaiita Tembe la Livingstone. Juma hili napenda tutafakari jina hilo, kwa sababu Dk. David Livingstone hakuijenga nyumba hiyo wala hakuimiliki. Alikuwa mgeni.

Aliingia Kwihara pamoja na Henry Stanley tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi, akaondoka tarehe 25 Agosti. Ni miezi sita tu. Kabla yake, mwaka 1871, liwali Said bin Salim, mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyempa Stanley makazi hapo. Mwaka 1873 alimkaribisha pia Mwingereza mwingine, Cameron. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwihara mgeni alikuja, mwenyeji akasahauliwa.

Tena huyo mwenyeji naye alikaa katika nchi ya watu. Unyanyembe ilikuwa na watemi wake. Mtemi Mnywa Sere alipowatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu, walimpiga vita wakamwondoa, kisha Mkasiwa akashika utemi. Mnywa Sere aliuawa mwaka 1865. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nyumba ilikuwa ya nani, tungeuliza kwanza ardhi ilikuwa ya nani.

Lipo swali zito zaidi. Utajiri wa Kwihara ulitokana na pembe za ndovu na watumwa. Ajabu ni kwamba humo humo Kwihara, tarehe 1 Mei 1872, Livingstone aliandika barua kwa gazeti la New York Herald kulaani biashara ya utumwa. Maneno ya barua ile yamechongwa juu ya kaburi lake huko Westminster Abbey, London. Kwa hiyo nyumba ile inashuhudia mambo mawili kwa pamoja: dhambi, na sauti iliyoikemea dhambi. Tukisimulia sauti peke yake, tumewaacha nje walioumizwa.

Waingereza wenyewe wameanza kuyaulizia majumba yao. Mwaka 2020 shirika la National Trust, linalotunza majumba ya kale ya makabaila wa huko, lilitoa ripoti iliyotaja mahali 93 penye uhusiano na ukoloni au utumwa. Wapo waliokasirika, wakiona kwamba fahari yao imetiwa doa. Kwa maoni yangu, shirika lile lilitenda haki. Doa halikuletwa na aliyelitaja. Lilikuwapo tangu zamani, likifunikwa na mazulia mazuri.

Nasi tusiogope. Katika ukanda huu wa njia ya misafara wamo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, na Jumapili huketi benchi moja. Ukimya hauwalindi hata mmoja wao. Kinachowaunganisha ni ukweli unaosemwa kwa upendo, bila kumhukumu mtu kwa makosa ya babu yake.

Sisemi jina la tembe lifutwe. Livingstone astahili kukumbukwa. Lakini wazazi na walimu mnaowapeleka watoto Kwihara, msiishie kwake. Watajieni Said bin Salim, Mnywa Sere na Mkasiwa. Watajieni Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, wakapita Kwihara mwezi Oktoba 1873, wakaufikisha pwani mwaka 1874. Kisha waonyesheni zile kuta, mkawaulize: ni mikono ya nani iliyoukanyaga na kuukanda udongo huu?

Majina ya mikono hiyo hayakuandikwa na mtu yeyote. Mtoto atakayeondoka Kwihara akilibeba swali hilo moyoni atakuwa amewarudishia watu wale sehemu ya heshima waliyonyimwa.