Nani anayemiliki nafsi ya Lain?

Wako watu wanaoamini kwamba katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima anayeketi kuitazama anapoteza wakati. Mara nyingi dhana hiyo ni ya kweli. Lakini mfululizo wa Kijapani uitwao Serial Experiments Lain, uliooneshwa na TV Tokyo usiku wa manane kuanzia Julai hadi Septemba 1998, haumo katika kapu hilo. Sehemu zake ni 13 tu. Uliongozwa na Ryutaro Nakamura, ukaandikwa na Chiaki J. Konaka, na sura za wahusika zikabuniwa na Yoshitoshi ABe. Mwaka huohuo ulipewa tuzo katika tamasha la taifa la sanaa za vyombo vya habari nchini Japani. Zaidi ya robo karne imepita tangu hapo, na swali lililoulizwa humo bado linawakabili wanadamu wa nchi zote: mtu anapoingia katika mtandao, ni nani anayemiliki nafsi yake?

Hadithi inaanza kwa msiba. Chisa Yomoda, msichana wa shule mjini Tokyo, anajitupa kutoka juu ya jengo. Juma moja baadaye wanafunzi wenzake wanaanza kupokea barua katika kompyuta zao, na barua hizo zinatoka kwake. Anawaambia kwamba hakufa. Ameuacha mwili tu, na sasa anaishi katika ulimwengu wa nyaya. Mmoja wa waliopokea barua ni Lain Iwakura, mwenye umri wa miaka 14, mtoto mkimya ambaye kompyuta yake ilikuwa ikipata vumbi chumbani. Anamwomba baba yake ampatie mashine mpya. Baba anafurahi kupita kiasi. Katika nyumba ile mama hamtazami mtoto machoni, dada ana shughuli zake, chakula huliwa bila mazungumzo. Na mara chache ambapo baba anamchangamkia mwanawe, sababu ni mashine.

Hapo ndipo wachambuzi wengi wanapopita haraka mno. Wao hukimbilia mambo ya ajabu yaliyomo: dawa ya kulevya iendayo kasi katika ubongo, watu wa suti nyeusi wanaolinda barabarani, mchezo wa kompyuta unaochanganyika na mchezo wa watoto wadogo hata damu ikamwagika. Mambo hayo yapo, na mengine yamezidi kipimo. Sehemu ya 9, inayojaribu kuunganisha historia ya kompyuta na habari za viumbe kutoka angani, ingeweza kupunguzwa nusu bila hasara. Lakini nguvu ya kazi hii imo katika meza ile ya chakula. Lain haingii katika nyaya kwa uchu wa maarifa. Anaingia kwa sababu huko kuna mtu aliyemwita kwa jina.

Ni vema ikumbukwe Japani ilikuwa katika hali gani. Ule utajiri wa kubahatisha wa miaka ya 1980, uliotokana na kupandishana bei za ardhi na hisa, ulikuwa umeporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Januari 1995 tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 6,000 katika Kobe na miji ya jirani. Machi mwaka uleule wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walimwaga gesi ya sumu katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, na miongoni mwa wakuu wa dhehebu hilo walikuwamo vijana waliosoma sayansi katika vyuo vikuu. Taifa lililokuwa limeambiwa kwamba elimu na kazi vingetosha kumshikiza mtu liliona kwa macho yake wasomi wakimsujudia mtu aliyejiita mkombozi. Haiwezekani kumtazama adui wa Lain bila kukumbuka jambo hilo.

Adui huyo ni Masami Eiri, mtafiti mkuu wa maabara ya Tachibana. Kazi yake ilikuwa kutunga itifaki ya 7, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapopelekeana habari. (Wakati uleule mafundi wa dunia halisi walikuwa wakikamilisha itifaki ya 6, kwa hiyo namba hiyo haikuokotwa tu.) Ndani ya kanuni hizo Eiri anapenyeza kwa siri mawazo na kumbukumbu zake mwenyewe, kisha maiti yake inakutwa relini. Tangu siku hiyo kila apelekaye ujumbe anapita ndani ya Eiri bila kujua. Naye anajiita Mungu. Waumini anao: kundi la siri liitwalo Knights, ambalo ndani yake yumo hata mama wa nyumbani mwenye mtoto mdogo.

Jibu ambalo Lain anampa Eiri katika sehemu ya 12 linastahili kufikiriwa kuliko maajabu yote yaliyotangulia. Anamkumbusha kwamba simu zilikuwapo, televisheni zilikuwapo, mtandao ulikuwapo. Bila vitu hivyo asingefanya lolote. Eiri anadai kwamba hayo ni maendeleo ya kawaida ya binadamu, kana kwamba nguzo za simu huota zenyewe kama miti. Na nguzo hizo mtazamaji amekwisha kuziona tangu sehemu ya kwanza. Katika kila sehemu kamera inarudi kwenye waya za umeme na simu zilizotanda juu ya vichochoro, na uvumi wake unasikika hata pale ambapo hakuna mtu anayesema neno. Waya hizo zilivutwa na wafanyakazi. Eiri alizikuta, akaandika jina lake juu yake, akadai ibada.

Je, hayo ni ya kubuni tu? Mtandao wa ARPANET, uliozaa intaneti, ulianza mwaka 1969 kwa fedha za umma kupitia wizara ya ulinzi ya Marekani. Utaratibu wa kurasa za tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa katika CERN, taasisi ya utafiti inayoendeshwa kwa michango ya mataifa, na mwaka 1993 taasisi hiyo iliutoa bure kwa dunia nzima. Kampuni ya Google iliandikishwa Septemba 1998, mwezi uleule ambao TV Tokyo ilikuwa ikionesha sehemu za mwisho za Lain. Baadaye zikaja nyingine. Mali iliyojengwa na wengi ikawekewa malango, na walinda malango wakawa matajiri wakubwa kupata kutokea. Wanachouza ni habari za watu: walichotafuta usiku, waliyemwandikia, picha waliyoitazama mara mbili. Hakuna hata mmoja wao anayejiita Mungu, hilo ni kweli. Hawana haja.

Lakini mwenye malango siye mkosaji peke yake, na hapa ndipo mfululizo huu unapokuwa mchungu. Katika ulimwengu wa nyaya kuna Lain mwingine. Huyo si mkimya; ni mjuvi, mcheshi, mwenye maneno ya kuchoma, na watu wanamjua na kumwogopa. Alice Mizuki, msichana pekee aliyemfanyia Lain urafiki wa kweli, ana siri yake: anampenda mwalimu wake, na hajamwambia mtu. Siri hiyo inatolewa katika nyaya. Shule nzima inaijua, na Alice anapopita watu wanamkodolea macho. Nani aliyeitoa? Kila mtu anasema ni Lain. Lain aliyeketi chumbani kwake anajua kwamba siye yeye. Na hata hivyo hawezi kuapa.

Fitina si jambo geni duniani. Lakini fitina ya mtaani ina mdomo, na mdomo una mwenyewe. Wazee wanaweza kumwita barazani aseme maneno yake mbele ya aliyemsengenya, na mara nyingi hapo ulimi huwa mzito. Fitina ya nyaya haina wa kuitwa. Kila aliyeipitisha atasema kwamba aliipokea hivyohivyo.

Wajapani wenyewe walilipa gharama ya jambo hilo. Mei 2020 Hana Kimura, mwanamieleka wa umri wa miaka 22 aliyekuwa akionekana katika kipindi cha televisheni kiitwacho Terrace House, alijiua baada ya kuandamwa kwa matusi mengi mtandaoni. Mwaka 2021 mmoja wa waliomtukana alitozwa faini ya yen 9,000, kiasi ambacho mtu angeweza kukitumia kwa mlo wa jioni mmoja na rafiki zake mjini Tokyo. Mama yake marehemu hakunyamaza. Kutokana na juhudi zake na za wengine, sheria ya matusi ilibadilishwa mwaka 2022, na adhabu ikapandishwa hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yen 300,000. Wako waliosema kwamba sheria hiyo inaweza kutumiwa kuwaziba midomo raia wanaowakosoa viongozi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ndiyo maana Bunge la Japani liliagiza sheria hiyo itazamwe upya baada ya miaka 3. Lakini kati ya yen 9,000 na ukimya wa woga ipo nafasi kubwa, na serikali yoyote iliyochaguliwa na watu inao wajibu wa kuitafuta.

Liko jambo jingine ambalo halina budi kutajwa, ingawa wapenzi wa Lain hulikwepa. Mtayarishaji wake, Yasuyuki Ueda, alieleza baadaye kwamba aliikusudia kazi hii kuwa namna ya vita vya utamaduni dhidi ya fikra za Kimarekani ambazo Japani ilizipokea baada ya vita vya 1945. Alitumaini kwamba Wamarekani wangeielewa tofauti na Wajapani, na kwamba mgongano wa mawazo ungetokea. Haukutokea. Watazamaji wa Marekani waliielewa vilevile, naye akavunjika moyo.

Nia ya Ueda ilikuwa njema. Taifa linalofikiri kwa kichwa cha kuazima haliwezi kusema kwamba liko huru. Lakini silaha alizokwenda nazo vitani zilikuwa za nani? Sauti ya mashine inayotamka jina la kila sehemu inatokana na programu ya kampuni ya Apple ya Marekani, na vidokezo vya kuzisifu mashine za kampuni hiyo vimetapakaa katika mfululizo mzima. Hata wimbo wa kufungulia, Duvet, uliimbwa kwa Kiingereza na kikundi cha Uingereza kiitwacho bôa. Katika miaka ya 2020 vijana wa nchi nyingi wameucheza katika video fupi za simu bila kujua kwamba kuna mtoto aitwaye Lain. Mgongano haukutokea kwa sababu chumba cha kijana wa Tokyo na chumba cha kijana wa California vilikuwa vimekwisha kuwa chumba kimoja, chenye taa moja ya buluu na mlango uliofungwa. Kasumba haikuja na bendera safari hii. Ilikuja na kioo, na Ueda mwenyewe alikuwa akikipenda.

Kinachoiokoa kazi hii ni tendo moja dogo la Alice. Anakwenda nyumbani kwa Lain, anamkuta amezongwa na nyaya kutoka sakafuni hadi darini, akidai kwamba mwili ni mashine tu isiyo na maana. Alice habishani naye. Anaushika mkono wa Lain, anauweka kifuani pake, na moyo unasikika ukidunda kwa sababu Alice anaogopa. Nadharia yote ya Eiri inaanguka hapo.

Kwa hiyo mwisho wake unashangaza. Ili kumponya Alice, Lain anajifuta katika kumbukumbu za watu wote. Hakuwahi kuzaliwa, hakuna aliyemjua. Chisa yu hai tena, Eiri ni mfanyakazi wa kawaida anayelalamikia kazi yake, na mezani kwa akina Iwakura pamepungua mtu bila yeyote kuona pengo. Wengi wameusifu mwisho huo kuwa ni kafara ya upendo. Kafara ni kafara, lakini aliyeitoa ni mtoto wa miaka 14 ambaye hakuitunga itifaki ile wala hakuieneza siri ile. Miaka inapita. Alice, sasa mtu mzima, anatembea na mwanamume mjini, anamwona juu ya daraja la waenda kwa miguu msichana ambaye sura yake si ngeni kwake, wanasalimiana, naye anaondoka. Waya bado zinavuma juu ya barabara, maabara ya Tachibana haikuulizwa kitu, na shule nzima iliyompitisha Alice kati ya macho yake imesahau kwamba iliwahi kufanya hivyo.