MSONGO WA MAWAZO HAUTIBIWI KWA FULANA



Siku hizi kuna mtindo. Bosi anagawa fulana, anaandaa bonanza, analeta mhamasishaji awafundishe wafanyakazi kuvuta pumzi wapunguze msongo wa mawazo. Mazoezi si haramu. Lakini mshahara wa miezi miwili uko wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hapa Shelui, muulize mhudumu wa gesti au mlinzi wa usiku likizo yake ya mwisho ilikuwa lini. Na misikiti yenye walinzi nayo ijiulize.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, asibebeshwe asiloliweza, na akibebeshwa asaidiwe. Tunayo haya zaidi ya miaka 1,400, sisi tunatafuta mhamasishaji!

Tena wengine hutuita masheikh tuje kuwahimiza watu hao subira. Ewe mwajiri, mimi ukiniita nitakuja. Nitaanza na wewe, mbele yao: umewalipa?