Watoto wafundishwe kusoma stakabadhi

Novemba 2013, Kenya, Somalia na UNHCR walipotia saini makubaliano ya kurejesha wakimbizi kwa hiari, fomu zilifuata. Wangapi tulizisoma kabla ya kutia sahihi?

Sisi tuliosomea ukimbizini tulikaririshwa ngano za sungura na fisi. Nzuri, hatukatai. Lakini mtoto wa Chula au Koyama anayesimulia ngano usiku kucha, mpe karatasi ya forodha, hajui aanzie wapi.

Maandishi hayo hayasomwi kama hadithi. Hutazamwa kwanza kichwa, kisha nani kayatoa na lini, halafu jedwali la idadi na bei, na yale maandishi madogo ya chini, ambako masharti hujificha. Ramani nayo ina ufunguo wake. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka wa bahari kuanzia karibu na Ras Kamboni, Kenya iliukataa. Mvuvi asiyejua kusoma ramani atajuaje wavu wake uko upande gani?

Walimu wenzetu wasingoje vitabu vipya. Nanyi wafanyabiashara mnaopita Dobley, risiti kuukuu msizitupe. Wapeni watoto waje nazo darasani.