Risala ya wanawake wa vikoba kwa Mgeni Rasmi, 10 Desemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Leo tunafunga Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Mahema yatashushwa, fulana zitakunjwa, na mabasi ya kutoka Dar es Salaam yataanza kuleta watu nyumbani Krismasi. Kwetu huku Kilimanjaro, kipigo hakijafunga chochote.

Mke anayekuja kihambani kwa wakwe amewaacha mjini majirani waliozoea kumfungulia mlango usiku. Akipigwa, wakubwa humwambia, "Ngoja wageni waondoke." Mbuzi ameshachinjwa, mbege imeiva, nani atake aibu? Wageni wakiondoka ni Januari, alama zimefifia, na nauli yake ya kurudi iko mfukoni mwa aliyempiga.

Sisi tunaoishi hapa tuna letu. Vikoba huvunjwa Desemba. Akiba ya mwaka mzima inagawiwa mchana kweupe, na jioni mume anajua mkewe kabeba shilingi ngapi. Akiba ya mwaka huu tutagawana Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, fedha ziende moja kwa moja kwenye madaftari na sare. Hilo tumelimaliza wenyewe. Hatukuja kuliombea msaada.

Tulilojia ni hili. Siku za sikukuu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi halina mtu. Mwanamke anaambiwa arudi baadaye. Akienda kutibiwa anadaiwa fomu ya polisi, PF3, na PF3 iko polisi alikotoka. Krismasi iliyopita mwenzetu alizungushwa hivyo mpaka giza likaingia, mkono umevunjika.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo wapo wenyeviti wa vitongoji wanaomaliza kesi hizo kwa dumu la mbege, tena wao ndio wa kwanza kuonja.

Tunadai askari wa Dawati awe zamuni kuanzia 24 Desemba hadi 2 Januari, na namba yake ibandikwe makanisani, misikitini na kwenye vilabu vya pombe. Majeruhi atibiwe kwanza, PF3 ifuate. Halmashauri itenge nauli na mahali salama pa kulala kwa mwanamke aliyepigwa na watoto wake. Mwenyekiti atakayepokea dumu aitwe ofisini kwako.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya 20 Desemba.

Tunaomba kuwasilisha.