Fimbo haimtulizi jogoo

Mwandishi, hapo uliposema jogoo mkali achapwe fimbo sikubaliani nawe. Huku Ngara kuku kulala ndani na watu ni kawaida, wezi na vicheche wametufundisha. Jogoo wetu wa Rulenge alikulia jikoni peke yake. Alipoanza kuwika tu, akawa anashusha bawa moja, anamzunguka mama kiubavuubavu, kisha anamrukia miguuni. Ukimpiga, anaona umekubali pambano. Mama alikuwa anamdaka na kumbana kwapani mpaka atulie, ndipo anamshusha. Tukamletea jogoo huyo na mitetea, asiwe peke yake. Na wewe ndugu wa Biharamulo unayetaka kufuga kuchi sebuleni na mtoto anatambaa: kuchi ni mbegu ya kupigana, tena mrefu, mdomo unafika usoni pa mtoto. Mjengee banda, na chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho, mpe kila miezi 3.