Mkutano wa Kwanza Usipokufaa, Tafuta Mwingine



Leo nasema na wewe unayejaribu kuacha pombe, iwe ni mnazi, chang'aa, keg au ile chupa unayoificha nyuma ya gunia la makaa. Umeombewa. Umefunga. Na bado Ijumaa jioni mguu wajua njia ya mangwe. Mtu akikuambia utafute kikundi cha watu wanaoacha pombe, unasikia kana kwamba asema maombi hayakufanya kazi.

Soma Yohana 11. Lazaro alitoka kaburini kwa sauti ya Yesu. Lakini alitoka akiwa amefungwa mikono na miguu, na kazi ya kumfungua Yesu aliwapa watu waliokuwa wamesimama pale. Kikundi ndiyo mikono hiyo. Kuketi mbele ya waliopita ulipopita na kusema, "Leo ni siku ya tatu na ninatetemeka," hakupunguzi imani yako.

Na kama watetemeka kweli, pitia hospitali kwanza. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kushikwa na degedege au kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku tatu za mwanzo, na wengine hufa. Usimfungie mgonjwa wa namna hiyo chumbani kwa ajili ya maombi. Mpeleke kwa daktari, mwombee njiani.

Mikutano inayojulikana zaidi duniani ni ya Alcoholics Anonymous, yaani AA, iliyoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson na Daktari Bob Smith walipoona kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko amsikiavyo mhubiri. (Iliniuma kidogo nilipolisoma hilo, lakini ni kweli.) Hakuna ada. Sharti ni moja tu, uwe wataka kuacha kunywa. Hatua zao 12 zina mizizi katika Oxford Group, vuguvugu la Kikristo, ila AA si kanisa: humtaja Mungu bila kukuuliza wasali wapi. Kwa hivyo hapa Mombasa waweza kuketi kati ya Mwislamu aliyetoka kuswali magharibi na mzee asiyesali popote. Kuna wapendwa hukimbia kwa sababu hiyo. Mimi nasema keti. Kama moyo wako hautulii mahali jina la Yesu halitajwi, uko mpango uitwao Celebrate Recovery, ulioanzishwa mwaka 1991 na John Baker katika kanisa la Saddleback, California, unaotumia Biblia waziwazi. Kanisa lolote laweza kuuanzisha. Wazee wa kanisa, mmenisikia.

Ninalokuomba ni usihukumu kwa siku moja. Hapa Pwani huduma nyingi zilijengwa kwa ajili ya watumiaji wa unga, na baba wa miaka 50 mwenye shida ya pombe akiketi pale na vijana hujiona amepotea njia. Mwingine hukuta Kiingereza kitupu. Dada hukuta yuko peke yake kati ya wanaume, na mmoja keshaanza kuomba namba ya simu. Akirudi nyumbani asema, "Nilijaribu, haikunifaa." Dada yangu, mkutano ule ndio haukukufaa. Tafuta wa wanawake, au nenda na mwenzako. Nenda mara tatu, nne, mahali tofauti, kabla ya kukata tamaa.

Angalia pia saa na nauli. Mtu wa Likoni akipangiwa mkutano kisiwani jioni, foleni ya feri itamshinda wiki ya pili, na hapo hujahesabu vilabu atakavyovipita akirudi. Kikundi kidogo cha karibu utakienda. Kuna wanaotaka mbali makusudi, wa Changamwe avuke hadi Nyali ili asijulikane. Sawa, bora nauli iwepo.

Lakini siri sina mjadala nayo. Uliyoyasema ndani ukiyasikia soko la Kongowea, toka, usirudi. Na hapa nina neno na wachungaji wenzangu. Makanisa yetu yapenda ushuhuda. Mtu akimaliza wiki mbili bila pombe apewa maikrofoni, simu zarekodi, mtaa mzima wajua. Wiki ya nne ateleza, aona aibu kurudi ibadani, na hakuna anayemfuata. Yakobo 5:16 yazungumzia kuungamiana sisi kwa sisi, maikrofoni haimo. Mwacheni akae mwaka mzima kimya, akitaka.

Pa kuanzia: piga 1192, simu ya bure ya NACADA. Waulize kuhusu vikundi na washauri walio upande wako wa bara. Wana pia kituo cha matibabu Miritini. Mama unayeishi na mlevi, nawe una kwenu: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mkewe Bill Wilson, ni ya jamaa za walevi.

Ukiogopa kwenda peke yako mara ya kwanza, niandikie kwa faragha, nitakusindikiza. Sitaingia ndani. Nitakungoja nje mpaka mmalize.