Kambi Si Watu Tu

Huko Marekani ni desturi ya watoto wengi, shule zifungwapo wakati wa joto, kwenda kukaa kambini mwituni au kando ya ziwa. Huko hujifunza kuogelea, kupika na kuimba pamoja. Na wengine, wakiisha kuwa watu wazima, huwapeleka watoto wao mahali pale pale. Siku hizi baadhi ya kambi hizo zimeuzwa, na wako wasemao, "Si hasara. Kambi ni watu, si ardhi; nyimbo na hadithi zitahama pamoja nao." Maneno haya ni matamu, lakini si kweli, nasi twayapinga.

Na tutazame. Mwaka 1881 kijana mmoja, Ernest Balch, alianzisha kambi ya wavulana katika kisiwa kidogo cha ziwa Squam, katika jimbo la New Hampshire. Wavulana walifanya kazi kwa mikono yao wenyewe, na Jumapili walisali chini ya miti. Kambi ile ilikufa mwaka 1889. Je, ni wangapi wangaliikumbuka leo, kama mahali pale pa sala pasingalitunzwa? Lakini tangu 1903 watu huja kwa mashua wakati wa joto, wakasali hapo nje mbele ya madhabahu ya mawe. Wavulana wale wamekufa wote. Mahali ndipo panaposimulia.

Tutazame na Uingereza. Agosti 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, alipiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, akiwaita kwa pembe ya tandala. Mwaka 1927 kisiwa kilipata mwenyeji mpya, naye akakifunga. Hakikufunguliwa kwa watu wote ila mwaka 1963. Hata hivyo, tarehe 1 Agosti 2007, miaka 100 ilipotimia, skauti walikusanyika pale pale, na pembe ikalia tena. Mbona hawakuridhika na picha? Kwa sababu picha huitazama kwa macho tu, bali mahali hupakanyaga kwa miguu.

Wako watakaotujibu kwamba deni ni deni. Ndivyo. Chama cha skauti cha Marekani kilifilisika mwaka 2020 kwa ajili ya madai ya watu wengi waliotendwa maovu walipokuwa watoto, na kambi kadha wa kadha ziliuzwa ili walipwe. Haki yao yatangulia mbele ya miti na maziwa. Tena mahali hukumbusha hata maovu, wala si vema kuyasahau. Lakini alipaye deni na akijue alichokitoa. Asiseme ametoa udongo tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mahali ndipo daftari ya kambi. Basi twawaambia wauzaji: kabla hamjatia sahihi, tengeni sehemu moja, hata ikiwa ni mawe ya moto tu na njia ya kuyafikia. Kile kisiwa cha ziwa Squam chatufundisha kwamba kidogo kikitunzwa chatosha. Lakini pasipobaki kitu, wajukuu watauliza, na hapatakuwa na pa kuwaonyesha.